Watoto wanachora grafu, nani anawafundisha kuzisoma?

*Fanksheni ni mada ya pili ya Kidato cha Tatu, na bila hiyo hakuna hisabati ya Kidato cha Tano. Mwandishi wetu ameifuatilia kuanzia meza ya chakula nyumbani kwake hadi kwenye hati ya mshahara, na anaona tunaanzia mahali pasipofaa.*

Jumamosi moja jioni mtoto wa dada yangu alitandaza karatasi ya grafu kwenye meza ya chakula, akaweka rula ya sentimita 30 na penseli aliyoichonga kwa wembe. Yuko Kidato cha Tatu. Swali lilimtaka achore grafu ya y = x² − 2x − 3, x ikianzia −2 hadi 4.

Alifanya kama alivyofundishwa. Akapiga jedwali la safu mbili, akatafuta thamani za y moja moja, akaweka nukta saba, akaziunganisha kwa mkono uliotulia. Kazi ilikuwa safi. Mihimili imenyooka, skeli imeandikwa juu kulia, kichwa cha mchoro kimepigiwa mstari.

Lakini mchoro wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ulianza chini kushoto, ukapanda kidogo, ukashuka, kisha ukapaa upande wa kulia kama tiara iliyoshika upepo.

"Umeuangalia vizuri?" nilimuuliza.

"Nimemaliza, mama mdogo. Nukta zote ziko mahali pake."

Kweli zilikuwa mahali pake, kwa mujibu wa jedwali. Kosa lilikuwa kwenye jedwali: −2 mara −2 alipata −4 badala ya 4, na −1 mara −1 akapata −1. Ni kosa la kawaida kabisa, hata watu wazima hulifanya. Kilichonisumbua ni kwamba grafu ilikuwa inamwambia amekosea, na yeye hakuisikia.

Mchoro wa namna hiyo, parabola, una pande mbili zinazofanana kama mabawa ya ndege. Huu unafika chini kabisa pale x ikiwa 1. Kutoka hapo, −2 iko hatua tatu kushoto na 4 iko hatua tatu kulia, kwa hiyo y lazima iwe ileile pande zote mbili. Yeye alikuwa na 5 upande mmoja na −3 upande wa pili. Aliyezoea kusoma grafu angeshtuka na kurudi kwenye jedwali. Aliyezoea kuchora tu amemaliza kazi, anafunga daftari.

Wiki hiyohiyo mhariri alikuwa amenituma niandike kuhusu hisabati ya sekondari. Sikuhitaji kwenda mbali kutafuta pa kuanzia.

Mada ya pili, baada ya Uhusiano

Katika muhtasari wa hisabati uliotumika Tanzania tangu 2005, Kidato cha Tatu huanza na mada ya Uhusiano, kisha Fanksheni. Kabla ya hapo mwanafunzi ameshaonjeshwa jiometri ya mihimili Kidato cha Kwanza, na milinganyo ya kipeo cha pili Kidato cha Pili. Kidato cha Nne atakutana na grafu tena kwenye programu ya mstari, ile ya kutafuta faida kubwa kabisa kwa kuweka kivuli kwenye mchoro.

Akiendelea Kidato cha Tano, anaikuta fanksheni inamsubiri. Awe kwenye Hisabati ya Juu au ile hisabati tumizi ya wanafunzi wa sayansi wanaoifupisha BAM, mada ya fanksheni iko mwanzoni, na mbele yake kuna kokotozi: kutafuta kasi ya mabadiliko na ukubwa wa eneo lililo chini ya mchoro. Asiyeelewa fanksheni hawezi kuelewa kinachobadilika ni nini.

Mustakabali wa watoto hawa unaanzia hapa. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, wanaofaulu hisabati kwa miaka ya karibuni wamekuwa kati ya mmoja kwa kila watano na mmoja kwa kila wanne. Wengine wote wanaondoka shuleni wakiwa wameshajiambia kwamba hesabu si zao. Uhandisi, uhasibu, takwimu, uchumi na urubani vinafungwa hapo, mtoto akiwa na miaka 17.

Mtihani wenyewe ni wa saa tatu na kalkuleta haziruhusiwi. Kila thamani ya y inatafutwa kwa mkono. Kwa hiyo mtoto anatumia dakika nyingi kuzidisha na kujumlisha namba hasi, na akifika kwenye mchoro amechoka. Naelewa kwa nini anafunga daftari.

Mama ni nani?

Vitabu huanza mada kwa ufafanuzi: fanksheni ni uhusiano ambao kila kilichomo kwenye seti ya kwanza kinaelekezwa kwenye kimoja tu cha seti ya pili. Sentensi ni sahihi, na kwa mtoto wa miaka 15 haina ladha yoyote.

Nilijaribu njia nyingine. Nilimwambia mpwa wangu aandike majina ya watoto watano wa mtaani upande wa kushoto, na upande wa kulia mama zao, kisha apige mishale. Aliandika. Alipofika kwenye jina lake, akapiga mishale miwili: mmoja kwa dada yangu, mmoja kwangu.

Hakukosea. Kwetu mama mdogo ni mama, na mama mkubwa ni mama. Lakini mishale miwili ikitoka kwa mtoto mmoja, uhusiano huo si fanksheni tena. Tukabadilisha swali kuwa "mama aliyekuzaa". Mshale mmoja ukafutwa (wangu, kwa masikitiko), na fanksheni ikasimama. Kisha tukageuza mishale, kutoka kwa mama kwenda kwa watoto aliowazaa, na palepale akaona kwamba imevunjika, maana mama mmoja anaweza kuzaa watoto wanne.

Ndani ya dakika kumi alikuwa amepata mambo ambayo kitabu huyataja kwa majina mazito: domeni, renji, na fanksheni ya kinyume ambayo wakati mwingine haipo. Alipata pia jambo ambalo kitabu hakilisemi: ufafanuzi wa neno moja, "mama", ndio unaoamua kama kuna fanksheni au hakuna. Hisabati inataka kujua umemaanisha nini hasa.

> Mishale miwili ikitoka kwa mtoto mmoja, uhusiano huo si fanksheni tena.

Kadiri, ndivyo

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, na halikwepeki. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anajifunza Hisabati kwa Kiswahili kwa miaka yote. Akiingia Kidato cha Kwanza, hesabu zilezile zinakuja kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua njia ya Kiswahili kufundishia ngazi zote. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, limeacha Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya sekondari.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja inayostahili kusikilizwa. Mtihani ni wa Kiingereza, vitabu vya vyuo vikuu ni vya Kiingereza, na alama za hisabati hazina lugha: parabola ya Tandahimba ni ileile ya Toronto. Wazazi wengi, hata wasiojua Kiingereza wenyewe, ndicho wanachokitaka kwa watoto wao. Siwezi kuwalaumu.

Ila fanksheni kabla haijawa alama ni wazo, na wazo hilo Kiswahili kinalo tayari kwenye sarufi yake. *Kadiri* moto unavyoongezwa *ndivyo* maji yanavyochemka upesi. *Kadiri* abiria wanavyojaa *ndivyo* konda anavyopandisha sauti. Kila mtoto ameshaitunga sentensi hiyo mara elfu kabla ya kuona x. Anajua kwamba kuna kitu kinachobadilika, kuna kingine kinachobadilika kwa sababu yake, na kuna namna ya kulinganisha mabadiliko hayo.

Badala ya kuanzia hapo, darasa linaanzia kwenye f(x), na watoto wanaisoma "efu ofu eksi" bila kujua imesema nini. Wengi wanaamini ni f mara x. Ndiyo maana ukiwapa f(x + 2), wanafungua mabano kama wanavyofungua 3(x + 2), na hawaoni walipokosea.

Msaada wa Kiswahili nao una mitego yake. Mwalimu anayetaka kueleza gredienti ya mstari husema "mteremko". Neno hilo linatokana na kuteremka. Aliyewahi kupanda basi kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto anajua kwamba kwenda juu ni kupanda mlima, na mteremko ni wakati wa kurudi. Sasa mtoto anaambiwa kwamba mstari unaopanda kwenda kulia una "mteremko chanya". Mguu wake unamwambia jambo moja na ubao jambo jingine. Wengine husema "mwinamo", ambalo halimlazimishi mtu kushuka, lakini darasani halijaenea.

Mimi ningeliacha jina lingoje kwanza. Ningeuliza tu: x ikisogea moja kwenda kulia, y inapanda ngapi au inashuka ngapi? Akijibu hilo kwa mistari kumi, ameshaijua gredienti. Jina lolote utakalompa baada ya hapo atalibeba.

Tumebaki mwaka 1748

Mwaka 1748 Leonhard Euler alichapisha huko Lausanne kitabu cha juzuu mbili ambacho kwa leo tungekiita kitabu cha maandalizi ya kokotozi. Alikiandika kwa Kilatini. Juzuu ya kwanza inahusu fanksheni, na humo fanksheni ni usemi wa hesabu, yaani fomula. Michoro ya mikunjo imewekwa juzuu ya pili. Fomula kwanza, mchoro baadaye.

Wanahisabati wenyewe hawakubaki hapo. Kufikia 1837 Mjerumani Dirichlet alikuwa anaizungumzia fanksheni kama uhusiano wowote unaoipa kila x thamani moja ya y, iwe kuna fomula au haipo. Mwaka 1905, katika mkutano wa Merano, Felix Klein na wenzake walitoa mpango wa masomo ya shule uliotaka fikra za kifanksheni ziwe uti wa mgongo wa hisabati ya sekondari, na grafu ziingie mapema.

Lakini ukimwuliza mwanafunzi wetu fanksheni ni nini, atakutajia fomula. Ukimpa jedwali lisilo na fomula atakwambia hiyo si fanksheni.

Mpe basi sensa za Tanzania. Mwaka 2002 tulikuwa watu milioni 34.4. Mwaka 2012 tulikuwa milioni 44.9. Mwaka 2022 tukafika milioni 61.7. Kila mwaka wa sensa una idadi moja, kwa hiyo ni fanksheni, na hakuna aliyepewa fomula. Weka nukta tatu kwenye karatasi. Miaka ya kwanza kumi iliongeza watu milioni 10.5, ya pili ikaongeza milioni 16.8. Rula haiwezi kuzipitia zote tatu, mstari unakunjika kwenda juu.

Hapo ndipo mwanafunzi anapohitaji aina mpya ya fanksheni, ile ambayo x iko juu kama kipeo, na anaihitaji kwa sababu ameiona. Ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, ndilo lililotangazwa baada ya sensa ya 2022, linamaanisha idadi inarudufu katika takriban miaka 22. Mtoto wa Kidato cha Tano atakuwa hajafikisha arobaini. Atakuwa anatafuta shule ya mwanawe katika nchi yenye madarasa mangapi? Swali hilo limo ndani ya mkunjo ule.

Grafu ya mshahara

Katika mada yote hii, sehemu ninayotamani ningefundishwa mapema ni fanksheni ya vipande, ile yenye kanuni moja hapa na kanuni nyingine pale. Vitabu huileta kama kitu cha kubuni: y ni 2 kama x ni chini ya sifuri, y ni x + 2 kama ni zaidi. Mwanafunzi anaichora na kuisahau, kumbe wazazi wake wanaishi ndani yake kila mwisho wa mwezi.

Kodi ya mshahara Tanzania Bara, PAYE, kwa viwango vilivyotumika tangu 2021, iko hivi. Mapato ya mwezi yanayotozwa kodi yasipozidi shilingi 270,000, kodi ni sifuri. Kutoka hapo hadi 520,000, unalipa asilimia 8 ya kile kilichozidi 270,000. Hadi 760,000, unalipa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Hadi 1,000,000, unalipa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kilichozidi 760,000. Zaidi ya milioni, ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi.

Ichore. Mapato yawe kwenye mhimili wa mlalo, kodi kwenye mhimili wa wima. Mstari unalala chini hadi 270,000, kisha unainuka taratibu, na kwenye kila mpaka unainuka kwa ukali zaidi. Ila angalia jambo moja: haukatiki popote. Zile 20,000, 68,000 na 128,000 hazikuokotwa. Asilimia 8 ya 250,000 ni 20,000 kamili, asilimia 20 ya 240,000 ni 48,000, ukijumlisha unapata 68,000. Kila kipande kinaanzia pale kilipoishia cha kabla yake.

Nimekaa kwenye ofisi ambako mtu mzima, mwenye shahada, aliogopa nyongeza ya mshahara kwa kuamini kwamba akivuka mpaka wa kodi atapokea kidogo kuliko mwanzo. Mwenye mapato ya 750,000 analipa 66,000. Akipandishwa hadi 770,000 analipa 70,500. Nyongeza ya 20,000 imeongeza kodi kwa 4,500, na 15,500 zimebaki mkononi. Asilimia mpya inagusa kilichovuka mpaka tu. Grafu inalionyesha hilo kwa mtazamo mmoja: mstari una kona, hauna ngazi.

> Mstari una kona, hauna ngazi. Anayeijua tofauti hiyo haogopi nyongeza ya mshahara.

Ngazi ziko kwingine. Ada ya kutuma pesa kwa simu hupangwa kwa madaraja: kiasi chochote ndani ya daraja moja kina ada moja, na ukizidisha shilingi moja juu ya mpaka unaruka hadi daraja linalofuata. Hiyo ukiichora ni ngazi hasa, yenye kuruka na kutua. Mwuzaji wa genge anayegawa malipo ili asivuke daraja anaisoma grafu ambayo hajawahi kuiona.

Weka michoro hii miwili ubaoni, wa kodi na wa ada, na uliza tofauti ni nini. Umefundisha mwendelezo, jambo ambalo vyuo vikuu hulitolea ufafanuzi mrefu wa alama za Kigiriki. Mjadala mkali wa miaka hii juu ya kikokotoo cha mafao ya wastaafu nao ulikuwa juu ya fanksheni, inayotegemea miezi ya kazi na wastani wa mshahara. Watu wazima waligombana bungeni na mitaani kuhusu matokeo, na ni wachache walioweza kuuliza ipasavyo: nikiongeza miezi 12 ya kazi, mafao yanapanda ngapi?

Simu au karatasi?

Ubishi unaosikika zaidi miongoni mwa walimu ni wa vifaa. Kalkuleta ya kwanza ya kuchora grafu, Casio fx-7000G, ilitoka 1985. Leo programu ya GeoGebra, iliyoanzia Salzburg, Austria, mwaka 2001, ni ya bure na inaingia kwenye simu. Marekani imekwenda mbali zaidi: mtihani wa SAT wa kompyuta umewekewa kalkuleta ya Desmos ndani yake, na mtahiniwa anaandika fomula na mchoro unatokea.

Wanaoitaka teknolojia hiyo wanasema mtoto akiachiwa mashine ichore, akili yake inapata nafasi ya kuuliza. Anabadilisha namba moja na kuona parabola inanyanyuka, inapanuka, inapinduka. Anaona grafu ishirini kwa muda ambao mkono ungechora moja.

Wa upande wa pili wanajibu kwamba kisichopita mkononi hakikai kichwani. Na wanataja hali halisi: darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati, umeme wa kusuasua, shule nyingi zisizoruhusu simu, na mtihani usioruhusu hata kalkuleta ya kujumlisha. Mwalimu atafundishaje kwa kifaa ambacho mtahiniwa hatakuwa nacho?

Nimewasikiliza wote wawili na naona ubishi huu unapita pembeni. Mashine na mkono vyote vinaishia kwenye mchoro, na tatizo la mpwa wangu lilianza baada ya mchoro kukamilika. Angechorewa na simu parabola iliyo sahihi, bado asingejua kwa nini ina mabawa mawili.

Mwaka 1985, mwaka uleule wa kalkuleta ya Casio, kituo cha Shell cha elimu ya hisabati huko Nottingham, Uingereza, kilitoa kitabu cha walimu kuhusu lugha ya fanksheni na grafu, kilichoandikwa na Malcolm Swan. Kazi nyingi zilizomo hazina namba. Mwanafunzi anapewa hadithi, anachora umbo. Au anapewa umbo, anasimulia hadithi. Inahitaji chaki tu.

Kosa linalojitokeza katika kazi za aina hiyo ni kuiona grafu kama picha. Chora umbali wa bodaboda kutoka kijiweni kadiri muda unavyokwenda: mstari unapanda, unalala, unashuka. Watoto wengi watasema alipanda kilima, akapita tambarare, akashuka. Kumbe alikwenda, akasimama kumngoja abiria, akarudi. Barabara yenyewe inaweza kuwa tambarare kama Jangwani. Asiyesahihishwa hapo atalibeba kosa hilo hadi kwenye fizikia.

Kenya nayo imekuwa na ubishi wake. Mtaala mpya ulipofikia shule za juu za sekondari, hisabati ilipangwa isiwe ya lazima kwa wote. Kelele zikapigwa, na Aprili 2025 serikali ikatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma, ila kwa aina mbili: moja kwa wanaoelekea sayansi, nyingine nyepesi kwa waliosalia. Ningependa kujua grafu zimewekwa wapi katika ile nyepesi. Mtu wa sanaa na mtu wa michezo nao wanalipa kodi.

Maji yaliyochelewa

Kuna swali moja ambalo limewashinda wanafunzi wa Kidato cha Tano kizazi baada ya kizazi. Ukiwa na grafu ya f(x), kwa nini f(x − 3) inasogea kulia? Kutoa kunarudisha nyuma, kwa nini mchoro unakwenda mbele? Wengi tulikariri tu kwamba "ndani ya mabano ni kinyume".

Wavuvi wa pwani yetu wangeweza kulijibu. Bahari ya Unguja na Dar es Salaam hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa kunapita takriban saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Ukichora kina cha maji dhidi ya saa, unapata wimbi lilelile la sini ambalo mwanafunzi analichora kwa kukariri.

Sasa chora la jana na la leo kwenye karatasi moja. La leo limesogea kulia, maana limechelewa. Na ukitaka kujua maji ya leo saa nne yakoje, unaangalia jana yalikuwaje dakika 50 *kabla* ya saa nne. Unatoa. Kutoa kule ndani ya mabano ni kutazama nyuma, na mchoro unasogea mbele kwa sababu umechelewa. Bamvu likija, mwezi ukiwa mpevu au mpya, wimbi linakuwa refu zaidi. Maji mafu yakifika linakuwa fupi. Hicho ndicho kizidishio kilicho mbele ya sini.

Sisemi kila shule ifundishe kwa bahari. Mwalimu wa Singida ana mvua zake na bei ya alizeti, inayopanda na kushuka kwa msimu. Ninachosema ni kwamba mwalimu apewe muda wa kufanya hivyo. Katika ratiba ya sasa mada ina vipindi vyake, mtihani wa majaribio unakuja, na mwalimu anayetumia kipindi kizima kwenye hadithi isiyo na namba ataulizwa kwa nini yuko nyuma ya muhtasari. Kama karatasi ya mtihani ingekuwa na swali moja tu la kusoma grafu na kuisimulia, walimu wote wangelifundisha kufikia muhula unaofuata. Kwa mtaala mpya wa sekondari, karatasi za Kidato cha Nne zitaandikwa upya. Muda wa kuliweka swali hilo ndio huu.

Mtungi

Jumapili iliyofuata nilimpeleka mpwa wangu uani. Tuna mtungi wa udongo wa bibi yake, chini mwembamba, tumbo pana, shingo nyembamba. Nilifungulia bomba kidogo, maji yakawa yanaingia kwa mwendo mmoja. Nilimwambia achore urefu wa maji ndani ya mtungi kadiri muda unavyokwenda. Bila namba, bila jedwali, bila rula.

"Bila skeli?" aliuliza.

"Bila skeli."

Alikaa muda mrefu akiutazama mtungi. Alianza kuchora tumbo lake, akasita, akafuta. Kisha akaanza upya kutoka kwenye kona ya mihimili: mstari ukapanda haraka, ukalegea pale tumbo linapopanuka, halafu ukawa mkali tena kwenye shingo. Alifuata maji kwa kidole hewani kabla ya kila kipande.

Nilidhani amemaliza. Maji yalifika mdomoni yakaanza kumwagika kwenye udongo. Nilinyoosha mkono kufunga bomba, akanizuia. Akarudi kwenye karatasi, na kutoka pale mstari ulipoishia akachora mwingine uliolala, ukaenda kulia hadi mwisho wa ukurasa.